Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Dawa: Mmedhibiti Mlango wa Duka, Chupa Mmeiachia Soko

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Afya,
na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Dawa.

YAH: UDHIBITI WA UUZAJI WA BANGI YA TIBA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zinazostahili nafasi zenu. Mimi ni mama wa mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa ambayo aghalabu huanza mtoto akiwa hajatimiza mwaka na ambayo mara nyingi haitulii kwa dawa zilizozoeleka. Nimewaandikia barua tatu kabla ya hii. Jibu la barua ya kwanza lilisema kwamba muuzaji niliyemlalamikia ametimiza masharti yote ya leseni, nayo masharti yakatajwa: jengo, kufuli, kamera za ulinzi, daftari la wanunuzi na mtu mwenye sifa wa kusimamia duka. Katika barua ya pili niliuliza ni nani basi anayekagua kilichomo ndani ya chupa, nikajibiwa kwamba ubora wa bidhaa ni suala la muuzaji na mteja wake, na kwamba ushindani wa soko ndio utakaowaondoa wauzaji wabaya. Barua ya tatu, ambayo ndani yake nilieleza kwa nini jibu hilo haliwezi kusimama, haijajibiwa hadi leo. Naandika hadharani kwa kuwa njia ya faragha nimeifuata mpaka ilipokomea, wala sina nia ya kumvunjia mtu yeyote heshima.

Naomba nianze na chupa mbili za mafuta ya bangi ya tiba ambazo ziko mezani mbele yangu. Jina ni moja, mtengenezaji ni mmoja, lebo ni ileile hadi ukubwa wa herufi, na zote mbili zimeandikwa kiasi kilekile cha kanabidioli, kiambata ambacho wengi tumezoea kukiita CBD, kwa kila mililita. Mafuta ya chupa ya kwanza yana rangi ya majani makavu na harufu kali; ya chupa ya pili yamepauka, na ukiinamisha chupa yanateleza kama maji. Mwanangu alipoanza chupa ya kwanza nilimpa kipimo alichozoea, nikivuta kwa bomba lilelile la kupimia mpaka kwenye mstari uleule. Alilala usingizi mzito mchana kutwa, na alipoamka hakuweza kushika kikombe. Tulipofungua chupa ya pili, wiki kadhaa baadaye, yakatokea kinyume chake. Ninalo daftari ambalo huandika saa na muda wa kila degedege. Kurasa za mwezi uliotangulia zilikuwa karibu tupu, na ndani ya siku nne ukurasa mmoja ukajaa pande zote mbili. Nilipeleka sampuli za chupa zote mbili kwenye maabara binafsi. Ya kwanza ilikutwa na CBD zaidi ya iliyoandikwa, na pamoja nayo THC, kiambata kinacholevya, ambayo haikutajwa mahali popote kwenye lebo. Ya pili ilikuwa na chini ya nusu ya kiasi kilichoandikwa.

Muuzaji wa chupa hizo ana leseni yenu. Imetundikwa ukutani, nyuma ya meza ya mauzo, ndani ya fremu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kilichomo ndani ya chupa.

Mliniambia kwamba soko litawaondoa wauzaji wabaya. Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu katika bidhaa nyingi ni jibu la kweli. Anayeuza kiatu kibovu hujulikana siku ya tatu, mnunuzi akamwambia jirani, na duka likakosa wateja. Lakini degedege huja na kuondoka kwa namna ambayo hata daktari bingwa hawezi kuitabiri. Mzazi anayeona wiki mbaya hawezi kujua kama ni chupa, ni homa, ni usingizi uliokatika au ni ugonjwa wenyewe umechukua mkondo mpya. Bila maabara, mnunuzi wa dawa hii hawezi kuwa hakimu wake, na penye mnunuzi asiyeweza kuhukumu, ushindani hauna cha kushindania isipokuwa bei na maneno mazuri.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo sikulielewa mpaka lilipoingia nyumbani kwangu. Mafuta yenye THC ambayo haikutajwa humfanya mtoto atulie, na wazazi husifiana mafuta hayo kwamba “yana nguvu.” Mimi mwenyewe, kabla ya majibu ya maabara, nilimwambia mzazi mwenzangu kwamba chupa ile ya kwanza huenda ilikuwa nzuri kupita zote, kwa kuwa siku hizo mwanangu hakupata degedege. Nilikuwa namsifu muuzaji kwa kosa lake. Soko mlilolitegemea limwadhibu muuzaji wa namna hiyo lilikuwa linampelekea wateja, nami nilikuwa mmoja wa waliowapeleka.

Wala tatizo hili si la duka moja. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 75 za bangi za kuliwa, zilizonunuliwa katika maduka ya bangi ya tiba ya Los Angeles, San Francisco na Seattle: asilimia 17 tu ndizo zilizokuwa na lebo sahihi. Mwaka 2017 jarida hilohilo lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizouzwa kupitia intaneti: 26 tu ndizo zilizolingana na lebo zake, na 18 zilikutwa na THC. California ilikuwa imeruhusu bangi ya tiba tangu 1996. Kama ushindani pekee ungetosha kusahihisha lebo, miaka ile yote ingekuwa imekwisha kuzisahihisha.

2. Kuhusu ukali uliowekwa mahali pasipofaa.

Sipendi nieleweke kwamba nataka mkono wa serikali uingie kila mahali. Masharti ya leseni mliyoyaweka ni mazito kiasi kwamba waombaji wachache tu huyaweza, na waliobaki wamekuwa na soko peke yao. Ukuta wa unene fulani, kamera za idadi fulani na walinzi wa saa ishirini na nne ni gharama ambazo kampuni kubwa inazimudu na mkulima mwangalifu hazimudu, ilhali hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa usafi au nguvu ya dawa. Matokeo yake ni bei isiyo na mshindani kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mzazi asiyeweza bei hiyo anayeishia kwa muuzaji wa magendo. Mmekaza palipotakiwa kuachiwa ushindani, na mmelegeza palipotakiwa kukazwa.

Mgonjwa akishasukumwa kwenye magendo, hakuna tena anayemlinda. Marekani mwaka 2019 watu walianza kulazwa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na kuvuta mvuke wa vifaa vya kielektroniki. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya wagonjwa 2,800 na vifo 68. Wachunguzi waliufungamanisha ugonjwa huo na asiteti ya vitamini E, iliyokuwa ikichanganywa kwenye mafuta ya THC, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo ilitoka kwa wauzaji wasio rasmi. Uingereza nayo iliruhusu madaktari bingwa kuandika dawa hizi tangu tarehe 1 Novemba 2018, lakini vyeti vya dawa ambazo hazijasajiliwa vimekuwa adimu sana katika huduma ya umma, na familia nyingi zimebaki na kliniki binafsi au na mikono mitupu. Sheria iliwafungulia, na utekelezaji ukawafungia.

3. Kuhusu kuuza bila kuuliza.

Mwanangu hutumia pia klobazamu, dawa ya kifafa inayotumika sana. Inajulikana kitabibu kwamba CBD hupandisha damuni kiwango cha kile klobazamu inachogeuka kuwa mwilini, na usingizi huzidi. Inajulikana pia kwamba CBD ikitumiwa pamoja na valproati, dawa nyingine ya kifafa, yaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini linaumia, na ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza na baada ya hapo. Katika mara zote nilizonunua dukani hapo, niliulizwa kitambulisho, niliulizwa sahihi, nilipigwa picha na kamera, na sikuulizwa hata mara moja mtoto anakunywa dawa gani nyingine. Daftari la wanunuzi mnalolikagua lina safu ya anwani, namba ya simu na saa ya kununua. Safu ya dawa nyingine haimo.

4. Kuhusu daktari anayelipwa na muuzaji.

Wauzaji kadhaa sasa wana madaktari wao, mashauriano hufanyika kwa simu kwa dakika chache, na cheti huandikwa cha bidhaa zilizomo kwenye rafu za mwajiri huyohuyo. Nawaonya mapema kwa mfano wa Australia, ambako mwaka 2025 chombo kinachosimamia wanataaluma wa afya kilieleza kwamba waandishi wa vyeti wanane walikuwa wametoa zaidi ya vyeti 10,000 kila mmoja katika miezi sita, na mmoja wao zaidi ya 17,000. Ukigawanya saa za kazi za miezi sita kwa vyeti hivyo 17,000, ni kimoja kila dakika nne hivi. Hakuna daktari anayeweza kumsikiliza mgonjwa, kusoma faili lake na kumpangia dozi kwa muda huo.

5. Kuhusu jina la bidhaa.

Mafuta yaleyale yakiandikwa “kirutubisho” hayahitaji hata leseni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka Januari 2023 kwamba taratibu zake za chakula na virutubisho hazitoshi kusimamia CBD na kwamba inahitajika njia mpya ya kisheria. Ninyi hamjatamka lolote.

Waheshimiwa, najua hoja zitakazotolewa kunijibu, kwa sababu baadhi yake nimezisikia kwa maofisa wenu kwenye korido.

Itasemwa kwamba bangi ni mmea, na mmea haulingani kama kidonge. Lakini Uholanzi imekuwa ikitoa bangi yenye viwango vinavyojulikana na visivyobadilika kupitia maduka ya dawa tangu 2003. Huko ofisi ya serikali hununua mavuno kutoka kwa wakulima walioteuliwa, maabara huyapima, ndipo yanapogawiwa kwa wafamasia. Kanada imechukua njia tofauti kabisa, ya kampuni binafsi zinazoshindana, na bado kanuni zake zinadai kila toleo, yaani kila fungu linalotengenezwa kwa mkupuo mmoja, lipimwe viambata vyake na uchafu kabla ya kuuzwa. Mmoja ameshika biashara mwenyewe, mwingine ameiachia soko, na wote wawili wanapima. Tena, Juni 2018 FDA iliidhinisha dawa ya maji ya CBD iliyosafishwa, Epidiolex, kwa ajili ya ugonjwa huu wa mwanangu na ule wa Lennox-Gastaut, kifafa kingine kigumu cha utotoni, baada ya majaribio ya kitabibu kama yanayofanyiwa dawa nyingine yoyote. Ikiwa mmea huu umeweza kupita njia hiyo ndefu mpaka mwisho, hauwezi kushindwa kupimwa miligramu zake.

Itasemwa kwamba mikataba ya kimataifa inatubana. Mkataba wa Pamoja wa Dawa za Kulevya wa 1961 haukukataza matumizi ya tiba. Uliyaruhusu, na kwa nchi inayokubali kilimo ukadai chombo cha serikali kinunue na kushika mavuno ndani ya miezi minne tangu uvunaji umalizike. Tarehe 2 Desemba 2020, kufuatia mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye Jedwali la IV la mkataba huo, lile la dawa zinazobanwa zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Mikataba hiyo inaipa serikali wajibu wa kusimamia mazao. Haikuwaambia mkague kufuli na kuacha chupa.

Itasemwa kwamba wagonjwa wana haki ya kuchagua, na kwamba serikali isiwalee watu wazima. Haki hiyo naitetea kuliko mtu yeyote, maana bila hiyo mwanangu asingefika hapa. Lakini nilichagua miligramu fulani na nikapewa nyingine. Huko si kuchagua. Wapo pia wanaotaka kila kizuizi kiondolewe kwa siku moja. Hao watazame Thailandi, iliyoitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022 kabla bunge halijapitisha sheria ya kusimamia uuzaji wake. Maduka yalifunguliwa kwa maelfu, na Juni 2025 serikali ikalazimika kurudi nyuma na kudai cheti cha daktari kwa anayetaka kununua ua la bangi. Katikati ya kufungua na kufunga kule walikuwamo wagonjwa halisi ambao dawa yao iligeuzwa biashara ya mtaani na kisha ikawekewa masharti mapya.

Na nikiri, kwa kuwa haki inanitaka nikiri: wauzaji wengi hutangaza kwamba mafuta haya yanatibu kila kitu, na sisi wazazi tumewahi kuwaamini. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2017 ilipata ushahidi wa kutosha katika mambo machache, yakiwemo maumivu sugu ya watu wazima, kichefuchefu kinacholetwa na tibakemikali za saratani, na kukakamaa misuli kwa wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, kama wanavyojieleza wenyewe. Siombi mfungue mlango kwa kila dai. Naomba pale ushahidi ulipo, dawa iwe dawa kweli.

Hivyo basi, ninachoomba ni hiki:

Kwanza, kila toleo la bidhaa ya bangi ya tiba lipimwe na maabara isiyochaguliwa wala kulipwa moja kwa moja na muuzaji, kwa kiasi cha CBD na THC, viuatilifu, metali nzito na kuvu, na majibu yawekwe wazi kwa namba ya toleo ili mzazi aweze kuyasoma kabla hajalipa. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kama mngekubali hili peke yake ningeyapeleka mengine taratibu. Gharama yake itozwe kwa kila mwenye leseni kulingana na mauzo yake, ili mkubwa asimfukuze mdogo kwa kutumia vipimo.

Pili, lebo ikithibitika kuwa ya uongo, toleo lote liondolewe sokoni na walionunua wajulishwe. Namba zetu za simu mnazo tayari. Ziko kwenye lile daftari.

Tatu, masharti ya kuta na kamera yapunguzwe mpaka kiwango kinachotakiwa kwa dawa nyingine zenye udhibiti, na leseni zifunguliwe kwa kila anayefaulu vipimo, ili ushindani mnaouamini upate nafasi pale unapoweza kufanya kazi, yaani kwenye bei na huduma.

Nne, anayeandika cheti asilipwe na anayeuza, na hakuna mauzo yafanyike kabla mfamasia hajauliza na kuandika dawa nyingine anazotumia mgonjwa.

Tano, dawa zilizokwisha kuidhinishwa kwa ushahidi ziingizwe kwenye orodha ya dawa zinazogharamiwa na bima. Ujerumani iliruhusu kisheria bima igharamie bangi ya tiba tangu Machi 2017 kwa wagonjwa wenye maradhi mazito wasio na tiba nyingine inayofaa, huku bima ikitakiwa kutoa idhini kwanza.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza kwa kila ombi kama limekubaliwa, limekataliwa au litafanyiwa kazi lini, na kama limekataliwa, kwa sababu gani. Sitaridhika na barua inayosema suala langu linashughulikiwa.

Chupa zote mbili, pamoja na karatasi za majibu ya maabara na daftari la mwanangu, nimezihifadhi. Mafuta yaliyobaki yanatosha kupimwa mara moja zaidi katika maabara mtakayoichagua ninyi wenyewe. Nitazileta ofisini kwenu siku na saa mtakayonipangia.

Wenu mwaminifu,

Mama wa mtoto mwenye kifafa